MALIK AMBAR: KIJANA WA KIHABESHI ALIYEUZWA UTUMWANI AKAWA MTAWALA, NA SWALI LA MWANAFUNZI WETU



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu wazazi na wanafunzi wa Kasese, Bwera na kwingineko, Jumamosi moja katika somo la Tarekh tulikuwa tukiwasimulia vijana wetu wa Bwera habari za watumwa waliofanywa askari, kisha wakapanda mpaka wakawa watawala. Tulisimulia kwa furaha kama walimu wengi wanavyosimulia: fulani aliuzwa sokoni, akafunzwa upanga na farasi, mwisho akakalia kiti cha enzi. Kijana mmoja wa miaka kama 12 akanyanyua mkono akasema, "Mwalimu, kama asingetekwa asingekuwa mtawala. Basi kutekwa kwake kulikuwa kheri?"

Darasa zima likanyamaza. Mgeni asingeelewa kwa nini. Lakini sisi watu wa mpakani tunajua kwamba huku neno "kutekwa" halikai kitabuni tu. Wapo majirani zetu waliolala na watoto wao wakaamka bila wao.

Siku ile hatukumjibu. Tulimwambia atupe wiki moja. Makala hii ndiyo jibu letu, na tumeona tuwaandikie wazazi pia, kwani swali la namna hii likiulizwa darasani asubuhi, jioni huulizwa nyumbani.

ALIKUWA NANI?

Mtu tuliyekuwa tukimzungumzia ni Malik Ambar. Alizaliwa karibu na mwaka 1548 katika nchi ya Uhabeshi, yaani Ethiopia ya leo. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Chapu. Miaka michache tu kabla ya kuzaliwa kwake vilikuwa vimemalizika vita vikubwa kati ya Imam Ahmad ibn Ibrahim na wafalme wa Kihabeshi, vita vilivyodumu tangu mwaka 1529 hadi 1543. Pande zote mbili zilichukua mateka, na mateka waliuzwa. Hata vita vilipokwisha biashara haikukoma. Nguo za pamba kutoka Bara Hindi zilikuwa zikipelekwa Uhabeshi kwa wingi, na sehemu ya malipo yake ilikuwa pembe za ndovu, dhahabu, na watu.

Chapu alikuwa mmoja wa watu hao. Alivushwa Bahari ya Shamu, akapitia bandari ya Mocha huko Yemen, akauzwa na kuuzwa tena mpaka akafika Baghdad mikononi mwa tajiri aliyeitwa Mir Qasim. Tajiri huyu aliona kijana ana akili, akamsomesha kusoma, kuandika na kushika hesabu. Huko ndiko alikosilimu na kupewa jina jipya la Ambar.

Wasomaji wetu wanaojua pwani watatambua jina hilo. Ni ile ambari ya kufukizia, yenye harufu nzuri na bei kubwa. Watumwa wengi wa zama zile walipewa majina ya namna hii: Kafur yaani kafuri, Yaqut yaani yakuti, Marjan yaani marijani. Ni majina mazuri kwa sikio. Lakini tazama, ndugu msomaji, kwamba ni majina ya bidhaa. Mtoto alikuwa na jina alilopewa na watu wake, akapewa jina la kitu kinachopimwa kwenye mizani.

Kutoka Baghdad alipelekwa Dakan, yaani nyanda za juu za kusini mwa Bara Hindi. Huko alinunuliwa na Chingiz Khan, waziri mkuu wa usultani wa Ahmadnagar. Jambo la kushangaza ni kwamba waziri huyu naye alikuwa Mhabeshi aliyewahi kuwa mtumwa, na sasa alikuwa akimiliki watumwa wa Kihabeshi wapatao 1,000.

KWA NINI WATAWALA WALITAKA ASKARI WATUMWA?

Wanafunzi wetu huuliza: mfalme mwenye akili ampe mtumwa silaha, haogopi? Jibu ni kwamba alimwogopa zaidi ndugu yake. Katika falme nyingi za zama zile, mtu mwenye ukoo mkubwa alikuwa hatari kwa sultani, kwa sababu nyuma yake palikuwa na ami, binamu na kijiji kizima kilicho tayari kumsimamisha awe mfalme. Kijana aliyeletwa kutoka mbali hakuwa na hata mmoja. Hakuwa na baba wa kumlilia wala mjomba wa kumtetea. Tegemeo lake lilikuwa bwana wake peke yake, na ndiyo maana bwana wake alimwamini.

Upweke wake, basi, ndio ulionunuliwa. Watu husifu nguvu za mikono ya askari wale, lakini aliyelipa fedha alilipia zaidi ule ukosefu wa jamaa.

Mara nyingi mambo yaliwageukia mabwana. Kafur, mtumwa mweusi aliyenunuliwa na mtawala wa Misri, ndiye aliyeiongoza nchi hiyo baada ya bwana wake kufa mwaka 946, akashika madaraka mpaka alipofariki mwaka 968. Huko Delhi, Iltutmish aliyekuwa mtumwa alitawala kuanzia mwaka 1211 hadi 1236. Misri tena, Baybars, kijana aliyeuzwa kutoka nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, alikuwa sultani mwaka 1260, na Wamamluk wenzake na waliowafuata walitawala mpaka mwaka 1517. Nchini Bengal, Wahabeshi walikalia kiti cha usultani kwa miaka michache kuanzia mwaka 1487. Malik Ambar alikuja mwishoni mwa msafara huu mrefu.

ALIVYOPANDA

Mnamo mwaka 1575 hivi Chingiz Khan alifariki, na mjane wake akamwacha Ambar huru. Sasa alikuwa na uhuru lakini hakuwa na nchi. Kwa karibu miaka 20 alihangaika akifanya kazi ya uaskari wa kulipwa, na katika usultani wa Bijapur alipewa cheo cha "Malik". Hakuridhika na malipo yake huko, akaondoka na wafuasi wake. Mwaka 1595 alirudi Ahmadnagar akiwa na wapanda farasi wapatao 150 tu.

Alirudi wakati wa msiba. Wamoghul wa Delhi, dola kubwa kuliko zote Bara Hindi, walikuwa wakiteremka kusini. Mwaka 1600 ngome ya Ahmadnagar ilianguka na sultani wake kijana akachukuliwa mateka. Wengi waliona mambo yamekwisha. Ambar hakusalimu amri. Alimtafuta mwana wa ukoo wa kifalme, akamtawaza kwa jina la Murtaza Nizam Shah wa Pili, akamwoza binti yake mwenyewe, naye akawa waziri mkuu na msimamizi wa dola. Jina la usultani lilikuwa la kijana yule, ila amri ilikuwa ya Ambar, tangu wakati huo mpaka kufa kwake.

Kwa miaka 26 aliwazuia Wamoghul. Hakuwa na jeshi la kukabiliana nao uwanjani uso kwa uso, kwa hiyo alitumia wapanda farasi wepesi, wengi wao Wamaratha, ambao walikuwa Wahindu wa nchi ile. Walishambulia usiku, wakakata njia za chakula, wakatoweka milimani. Mwingereza mmoja aliyesafiri huko mwaka 1610 aliandika kwamba Ambar alikuwa na watu wake wa Kihabeshi wapatao 10,000, na wenyeji wa Dakan wapatao 40,000. Mwaka 1624, alipokuwa mzee wa zaidi ya miaka 70, aliyashinda majeshi ya Wamoghul na Bijapur kwa pamoja huko Bhatvadi, baada ya kubomoa kingo za ziwa na kuigeuza kambi yao kuwa matope.

Mfalme Jahangir wa Delhi alimchukia mno. Kwa kuwa alishindwa kumpata, mchoraji wake Abu'l Hasan alimchorea picha, kiasi cha mwaka 1616, ambamo mfalme amesimama juu ya dunia akikipiga mshale kichwa cha Ambar kilichotundikwa. Picha hiyo ipo mpaka leo. Mfalme yule alipata kichwa cha Ambar kwenye karatasi tu.

Wala hakuwa mtu wa vita peke yake. Mwaka 1610 alianzisha mji wa Khirki na kuutengenezea mifereji ya chini ya ardhi iliyoleta maji safi kutoka milimani mpaka kwenye visima na misikiti ya mji. Kazi hiyo ilisifiwa kwa karne nyingi. Alipanga upya kodi ya mashamba, ardhi ikapimwa na kupangwa kwa ubora wake, ili mkulima wa ardhi mbovu asitozwe sawa na mwenye ardhi nzuri. Mji wa Khirki baadaye uliitwa Aurangabad, na tangu mwaka 2023 jina lake rasmi ni Chhatrapati Sambhajinagar.

Alifariki mwezi wa Mei mwaka 1626, akiwa na miaka kama 78, akazikwa Khuldabad, mahali penye makaburi ya mawalii na wanachuoni. Hata Mu'tamad Khan, mwandishi wa tarekh wa maadui zake Wamoghul, alikiri baada ya kifo hicho kwamba katika vita na uongozi mtu yule hakuwa na mfano wake.

LAKINI TUSIFICHE NA MENGINE

Wazazi wapenzi, sisi walimu tuna tabia moja. Tukipata Mwislamu mweusi aliyekuwa mkubwa duniani, tunafurahi hata tunasahau kusoma ukurasa wa pili. Wanahistoria wanaeleza kwamba mwaka 1610 Sultani Murtaza, yule aliyetawazwa na Ambar mwenyewe, alikufa kwa sumu baada ya ugomvi wa nyumbani uliomhusu binti ya Ambar, na Ambar ndiye aliyesababisha. Akamtawaza mtoto mdogo badala yake. Hayo ndiyo mambo ya ikulu.

La pili linauma zaidi. Wale maelfu ya Wahabeshi waliokuwa nyuma ya Ambar walifika Dakan kwa njia ileile aliyofikia yeye. Meli ziliendelea kuvuka bahari zikiwa na watoto wa wenzake. Mtu aliyeonja soko lile alipopata nguvu ya kulifunga, alilitumia. Chingiz Khan alikuwa amefanya hivyohivyo kabla yake. Tunayasema haya bila kumtukana marehemu, kwani hesabu yake iko kwa Mola wake. Tunayasema ili vijana wetu wajue kwamba kupanda kwa mtu mmoja hakuondoi dhulma iliyompitisha.

Na vitabu vya tarekh vilivyoandika vita vyake, ngome zake na mifereji yake, havikutuachia jina la mama yake Chapu.

HABARI HIZI HAZIKO MBALI NA SISI

Labda msomaji atasema, Uhabeshi ni mbali na Bara Hindi ni mbali zaidi. Basi na aje mpaka Katwe, kwenye ziwa letu la chumvi. Mwaka 1891 Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza alifika hapo na kujenga ngome aliyoiita Fort George. Mwaka huohuo alikwenda kando ya Ziwa Albert kuwachukua askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Selim Bey, mabaki ya jeshi la Emin Pasha la Ikweta. Aliwaweka katika ngome za Toro. Wengi wa askari wale walikuwa wamekamatwa wakiwa vijana kusini mwa Sudan, wakaingizwa katika jeshi la Misri bila kuulizwa. Wake zao na watoto wao walifuatana nao. Wanubi wa Uganda wanatokana na watu hao, na Uislamu katika miji mingi ya nchi yetu unawadai shukrani. Kwa hiyo askari aliyechukuliwa mtoto si mgeni kwetu, maana alipita hapahapa chini ya Rwenzori.

Na yako ya karibu zaidi, ambayo tungependa kuyanyamazia. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe na Bwera. Mwezi wa Juni 1998 huko Kichwamba, wilaya jirani ya Kabarole, wanafunzi wengi wa chuo cha ufundi waliteketezwa bwenini na wengine wakachukuliwa porini. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 huko Mpondwe, katika Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi, na wengine wakachukuliwa kuvushwa upande wa Kongo. Waliofanya hayo walijivika jina la dini yetu, na Waislamu wa Kasese tuliubeba msiba huo mara mbili: tuliomboleza pamoja na jirani zetu, na tukatazamwa kwa jicho la shaka njiani na sokoni.

Sasa mnaelewa kwa nini darasa lilinyamaza. Mtu anayeteka watoto na kuwapa bunduki naye huwaahidi ukubwa. Huwaambia, mtakuwa makamanda, mtatawala. Ikiwa sisi madrasani tunasimulia habari za Malik Ambar kana kwamba kutekwa ni ngazi ya kupandia, basi tunamsaidia mtu huyo kazi yake bila kujua. Ni lazima tusimulie vizuri zaidi.

JIBU LETU KWA KIJANA

Jumamosi iliyofuata tulirudi darasani, na hatukuanza na Malik Ambar. Tulianza na Nabii Yusuf (A.S.), kwa sababu watoto wote wanamjua.

Yusuf alitupwa kisimani na ndugu zake. Msafara ukampata, akauzwa Misri kwa dirhamu chache. Akaingia jela bila kosa. Kisha Mwenyezi Mungu akamwinua, akashika hazina za Misri, na kwa uongozi wake watu wakapata chakula katika miaka ya njaa. Tukawauliza wanafunzi: je, ndugu zake walipofika mbele yake walimwambia, "Utushukuru, sisi ndio tuliokufikisha hapa"? Wakacheka. Hapana. Walikiri kwamba walikosa. Yusuf aliwasamehe, na msamaha hutolewa penye kosa. Na baba yao Ya'qub (A.S.) alilia mpaka macho yake yakapofuka. Qur'ani imetutajia machozi ya mzazi yule, haikuyaruka ili ifike haraka kwenye utukufu wa mwana.

Hapo tukamgeukia kijana wetu tukamwambia: kheri iliyotokea baadaye ni fadhila ya Mwenyezi Mungu na juhudi ya aliyedhulumiwa. Aliyemteka hana fungu ndani yake. Yeye amebakiwa na dhambi yake. Chapu hakuwa mkubwa kwa sababu alitekwa. Maelfu walitekwa pamoja naye, na wengi wao walikufa baharini au vitani, wala hakuna aliyeandika habari zao. Kilichomfaa ni elimu aliyoipata, subira yake, na kutokata tamaa alipokuwa na farasi 150 tu mbele ya dola kubwa. Mambo hayo matatu mtoto anaweza kuyapata nyumbani kwao, akilala kwenye mkeka wake, mama yake akimwita kwa jina alilompa.

Tukawakumbusha pia kwamba dini yetu imeweka kumwacha mtumwa huru kuwa kafara ya makosa, na katika Sura At-Tawba, aya ya 60, imewatengea fungu la zaka wale wa kukombolewa. Sayyidna Bilal (R.A.), Mhabeshi kwa asili, alikombolewa na Abubakar (R.A.). Mlango ambao sheria iliufungua ni wa kutokea. Watawala wengi wa Kiislamu walipita hapo na kuufanya wa kuingilia, na hilo ni kosa lao, hatuna haja ya kulipamba.

Kijana alifikiri kidogo, kisha akauliza, "Na mama yake Chapu, alijua kwamba mwanawe alikuwa mtawala?" Tukamwambia hatudhani. Akasema, "Basi kwake yeye alipotea tu."

Hatukuwa na la kuongeza.

USHAURI KWA WAZAZI NA WANAFUNZI

Kwanza, simulieni watoto habari za Malik Ambar. Ni haki yao kujua kwamba mtoto wa Afrika Mashariki alijenga mji na kuihangaisha dola kubwa. Wajue pia kwamba vizazi vya Waafrika waliopelekwa Bara Hindi wapo mpaka leo wakiitwa Wasidi, na kwamba Wasidi wa Gujarat wana ngoma yao wanayoiita "goma", neno ambalo sote tunalisikia lilikotoka.

Pili, kila mnapofika kwenye ushindi, waulizeni watoto: nani alilipa gharama yake? Swali hilo litawakinga siku atakapokuja mtu kuwaahidi ukubwa porini.

Tatu, kwa wale ambao Mwenyezi Mungu amewarejeshea watoto wao kutoka mikononi mwa watekaji: mpokeeni mtoto kwa jina lake la kwanza. Huko alikokuwa pengine alipewa jina jingine. Asiitwe jina la porini nyumbani, wala asiitwe hivyo mtaani na jirani zetu, wala madrasani kwetu. Mlango wetu uko wazi kwake, na kwa mzazi wake asiye Mwislamu anayetaka kuzungumza na sisi pia.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarejeshe waliopotea, awape subira wazazi wanaongoja, na alinde watoto wa mlima huu, wa dini zote.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.